Njama Haina Nusu

Mtaa mzima ulimwita Kitasa, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na mama yake. Alichonga funguo kwenye kibanda kilichobanwa kati ya saluni na duka la viatu, tupa mkononi, kidevu juu. Ukimpelekea ufunguo uliochongwa na mwingine, aliushika kwa ncha za vidole kama soksi ya mgonjwa. Alikuwa fundi mzuri, na hakuchoka kuwakumbusha watu.

Kaka wa mkewe hakuwahi kumaliza kazi yoyote isipokuwa kusafisha sahani aliyopakuliwa. Alikamatwa kwenye mlango wa ghala la vipuri, ufunguo umekwama tunduni. Mlinzi alisema alimkuta akiubembeleza mlango kama mke aliyenuna. Kituoni hakuhitaji kuulizwa mara mbili: ufunguo kachonga shemeji yake, Kitasa.

Wakili wa Kitasa, kijana wa viatu vinavyong'aa, alimweleza polepole kama anayemlisha mtoto.

"Mzee, shemeji yako amekiri kosa la kujaribu kuvunja. Aliyejaribu akashindwa hapewi zaidi ya nusu ya adhabu ya aliyefanikiwa. Wewe unashtakiwa kwa kula njama. Njama haina nusu. Mkishapatana, kosa limetimia, hata kama hakuna aliyeinuka kitini."

"Mimi nilikuwa nimelala kwangu."

"Vizuri. Ulimchongea mteja ufunguo, basi. Kwamba mlipatana, anasema yeye peke yake, na neno tupu la mshirika halitamtosha hakimu. Funga mdomo, utarudi nyumbani."

"Nimekuelewa, wakili."

Hakuelewa kitu.

Siku ya kesi mkewe alikaa benchi la mbele, kati ya mume na kaka, hajui amlaani yupi kwanza. Shemeji, aliyefutiwa shtaka la njama ili atoe ushahidi, alipanda kizimbani. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa nini mlango haukufunguka.

"Ufunguo mbovu, mheshimiwa. Huyu si fundi. Huyu anachonga vijiko."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Kitasa akasimama, wakili akamvuta koti, koti likabaki mkononi mwake.

"Mbovu wewe! Si nilikwambia uvute mlango kwanza, ndipo uzungushe? Tumefanya mazoezi wiki nzima jikoni kwa dada yako, vuta, zungusha, vuta, zungusha, na bado umeshindwa!"

Kicheko kilikatika. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Umesema 'tumefanya'. Wewe na nani?"

"Mimi na huyu mjinga, mheshimiwa."

Herufi mbili, *tu*, zilifanya kazi iliyoushinda upelelezi mzima. Shemeji, aliyeshikwa na ufunguo mlangoni, alipata mwaka mmoja. Kitasa, aliyekuwa kitandani, alipata mitatu. Hakimu alieleza kwamba wa kwanza aliharibu kosa lake kwa uzembe, ila la wa pili lilikuwa kazi iliyokamilika. Kitasa aliinua kidevu, kana kwamba amesifiwa.

Mkewe alikwenda gerezani na sabuni na shuka. Alitaka kumwambia kwamba kibanda kimepata mpangaji mwingine na watoto wamehamia kwa bibi yao. Kitasa hakumpa nafasi.

"Polisi waliujaribu?" alinong'ona kupitia wavu.

"Nini, baba watoto?"

"Ufunguo. Kama uliufungua ule mlango."

Mwanamke alimkabidhi askari sabuni, akairudisha shuka kwenye mfuko, akaondoka nayo.