Jina la Mama Salma

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri alinipa kalamu nyekundu na rundo la prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa.

"Tafuta kosa."

"Kosa la kwanza ni chai yako," nikamwambia. "Haina sukari." Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na tangu hapo tukapatana.

Alikuwa Mjerumani, mwandishi wa habari aliyekuja Guangzhou, China, kuripoti maonyesho ya biashara ya Pazhou. Akachoshwa na habari zinazochacha kesho yake, akafungua nyumba ndogo ya kuchapisha vitabu vya historia. Kiswahili alikiokota kwetu sisi wauza nguo wa soko la Shahe. Hapo ndipo aliponichukua nimsaidie kitabu cha wafanyabiashara wetu wa Dar na Unguja.

Kitabu kilipofika mtamboni, akaniita. Chini ya picha ya bibi aliyetutangulia wote kupakia kontena bandarini Huangpu, nilikuwa nimeandika: Mama Salma.

"Salma ni bintiye. Yeye nani?"

"Laoban," ndivyo tunavyowaita mabosi huku, "mtu mzima haulizwi jina. Ni utovu wa adabu."

"Kitukuu chake akimtafuta humu, atampata?"

Loo, miaka yote nimekula naye sahani moja, jina lake silijui! Na kesho yake alikuwa anarudi kwao, mgonjwa, harudi tena. Mhariri akasimamisha mtambo, mpiga chapa akifoka, nami nikatimua mbio.

Nilimkuta anafunga mizigo. "Shikamoo, Mama Salma."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe. Naomba jina lako."

Alinitazama weee! Nikajua leo nafukuzwa. Kumbe machozi yanamlenga. "Tangu nimzae Salma hakuna aliyeniuliza. Mwanaidi binti Haji. Andika vizuri."

Kitabu kilimkuta Unguja akiwa hai. Salma aliniambia mamake alilala nacho chini ya mto mpaka mwisho wake.

Vijana mnaoingia kazi hii, adabu ni njema, lakini ulizeni. Mhariri yule nilimpenda, Mungu ampe umri, na ubishi wake wote. Siku tuliyostaafu, tulipitia prufu ya kitabu chetu cha mwisho. Ukurasa wa shukrani niliuandika mimi. Akazungushia mstari mmoja kwa wino mwekundu: Mama Zuhura, msahihishaji.

"Zuhura ni bintiyo," akasema. "Wewe nani?"

Nikamnyang'anya kalamu. Nikaandika: Asha binti Khamis.