Hisa za Makka

Kwetu Jinja, Uganda, kila muuza nyanya sokoni alimwita mama yangu Hajati, na kila mara yeye alijibu neno moja tu: "Bado." Hakuwa amewahi kufika Makka. Wako wanaoitikia heshima hiyo bila hata pasipoti, tena ni wengi, lakini yeye hakuikubali. Hilo "bado" lilikuwa likiniuma. Baba, aliyeuza vitambaa barabara kuu, alimwahidi safari hiyo akafa kabla ya kuitimiza, na mimi nikairithi ahadi pamoja na cherehani yake.

Ninafanya kazi ya uuguzi Mbale, nimepanga nyumba mtaa wa Nkoma. Mshahara wa muuguzi haumfikishi mtu Makka. Unamfikisha Busiu, mji wa jirani, na kumrudisha. Kwa hiyo kampuni moja ya Kenya yenye maduka madogo kwenye vituo vya mafuta ilipouza hisa zake kwa umma, nilinunua. Sikufanya utafiti wowote. Nilikuwa nikitoka zamu asubuhi napitia duka lao kuchukua mkate na maziwa, na kila siku nilikuta foleni ya madereva wa malori wa Kikenya wakinunua chai, soksi na muda wa maongezi. Nikasema hawa hawafilisiki. Mwezi nilioweza, niliongeza kidogo. Nyumbani tukaziita hisa za Makka.

Mwaka jana bei ikaanza kupanda, ikapanda kweli kweli. Dalali wangu wa Nairobi, mtu ambaye namjua kwa sauti tu, akanipigia simu akicheka. "Madamu, mambo yako ni mazuri. Thamani imekaribia mara mbili. Ushauri wangu, punguza nusu, weka pesa mfukoni, nusu nyingine tuiache ikimbie."

Mimi sikutaka kupunguza. Nusu pamoja na akiba yangu ndogo ingetosha kumpeleka mtu mmoja, na mtu huyo angekuwa mama, peke yake. Nani angemvalisha viatu? Nani angemshika mkono katika umati ule? Nikingoja kidogo, zote pamoja zingetutosha wawili. Nikamwambia dalali asiguse kitu.

Mwisho wa wiki nilikwenda Jinja kumpasha mama habari. Nyumbani tunaongea Kiswahili, jambo lililowafanya majirani wa zamani kuuliza kama baba alikuwa mwanajeshi, maana kwetu wengi hukiona Kiswahili kuwa lugha ya jeshi. Ni Kiswahili cha dukani, kilichopigwa viraka kwa Lusoga, lakini ndicho tulichokulia.

"Imepanda sababu ya nini?" mama akauliza.

"Imepanda tu, Mama. Ni biashara."

"Kitu haipandi bure. Baba yako, kitenge ikipanda, sababu anajua."

Ningeweza kumdanganya daktari mkuu, lakini mama simwezi. Nikamwambia kampuni imepata kibali cha kuuza bia katika maduka yake yote, na faida imeongezeka sana.

Akaendelea kuchambua mchele. Tabia yake hiyo hunipandisha hasira kuliko matusi. Nikasema maneno mengi: kwamba wanauza pia maziwa, nepi na dawa ya mbu, kwamba mimi sijamnywesha mtu, kwamba hata mshahara wangu unatoka serikalini, na serikali inatoza bia kodi. Nilijiona wakili mkubwa. Mama akasubiri nimalize, akaweka ungo chini.

"Nipeleke nione," akasema.

Tulichukua bodaboda mbili hadi kwenye duka lao la hapo mjini. Binti wa kaunta, mwenye hijabu safi, akatukaribisha kwa tabasamu. "Karibu, Hajati."

"Bado. Bia iko wapi?"

Binti akanitazama mimi, akamtazama yeye na buibui lake, kisha akaonyesha kwa kidole mwisho kabisa wa duka. Tukaanza kutembea. Ni duka dogo, mtoto angelimaliza kwa mbio moja. Mama akashika rafu ya biskuti, akavuta pumzi. Akashika rafu ya sabuni. Kwenye mafuta ya kupikia akasimama kabisa, jasho likimtiririka, akajidai anasoma bei, na mama yangu hasomi bila miwani.

Kazini ninanyanyua wazee kila siku. Ninajua goti lililokwisha linavyomtembeza mtu. La mama sikuwahi kuliona, kwa kuwa kila nikifika Jinja ananipokea ameketi, sinia la chai liko tayari, nami nilidhani huo ni ukarimu. Niliumia sana pale kwenye rafu za mafuta. Nilikuwa nazungumzia kungoja mwaka mwingine, na mama mwenyewe hakuweza kuvuka duka moja.

Binti akaleta kreti tupu ya soda, mama akakaa juu yake, akitazamana na friji ya bia. Wateja wakawa wanampita kwa adabu, wakiinama kidogo na kuomba radhi. Mmoja alishika chupa, akamwona, akairudisha na kuchukua maji.

"Kabla ya bia, bei ilikuwa ngapi?" akaniuliza.

"Karibu nusu ya sasa, Mama."

"Basi nusu ni jasho yako. Hiyo nitaenda nayo. Nusu ingine ni ya hii." Akagonga kioo cha friji. "Hiyo usinipandishe nayo ndege."

"Mama, hisa hazigawanyiki hivyo. Kila moja ina maziwa ndani na ina bia ndani."

"Wewe uza nusu."

"Na hiyo nyingine?"

"Faida yake wakileta, jengea soko choo."

Sikushangaa. Ndivyo wengi kwetu wanavyofanya na pesa wanayoitilia shaka: wanaijengea choo, kila mtu anafaidika na hakuna anayekula. Nikatoka nje, nikasimama karibu na pampu za mafuta, nikampigia dalali auze nusu.

"Hapo sasa umelielewa soko, Madamu," akasema kwa furaha. Nikarudi ndani kumchukua mama.

Kiongozi wa msafara wa mahujaji aliniapia kwamba huko kuna viti vya magurudumu na watu wa kuvisukuma, na kwamba wanawake wawili wa Iganga watalala chumba kimoja na mama. Nilimfungia begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Entebbe, na njia nzima ya kurudi nililia bila aibu.

Simu yake kutoka Makka ilinikuta wodini. Nikasogea mlangoni. Sauti yake ilikuwa juu, kama ya msichana. Alisema anayemsukuma anakimbia mno, imebidi amfundishe maana ya pole pole. Alisema magoti yanauma lakini hayamzuii. Kisha akasema ameniombea dua.

"Umeniombea nini, Mama?"

"Nimeomba kampuni yako iache bia."

"Mama! Wakiacha bia bei itaanguka!"

"Ianguke. Ikianguka itakuwa safi. Wewe utaongeza mshahara yako, na wewe utakuja. Saa hii mtu wa 'bado' ni wewe. Sema amina."

Asubuhi ile ile dalali alikuwa amenitumia ujumbe kwamba hisa zangu zilizobaki zimepanda tena. Nilisema amina, kwa sauti kubwa, na mgonjwa wa kitanda cha mlangoni, ambaye hakujua tunaomba nini, naye akaitikia.