Kichwa cha Sangala

Pale mto unapoingia ziwani, Ruziba, kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika wala anayeivunja: samaki akishanasa, mtu mwingine asiguse ufito wala mshipi. Ukigusa, samaki ni wako. Nimeona wanaume wazima wakiburutwa mpaka maji ya mapaja huku wenzao wamekunja mikono, wanatazama.

Baba yangu alianza kuvua pale zamani, siku za mapumziko, alipokuwa fundi wa magari, na nadhani sheria hiyo aliipenda kuliko samaki wenyewe. Kisha mwaka jana kiharusi kikamlegeza upande wa kulia. Daktari alimpa mpira wa kufinya. Yeye akawapa wajukuu wachezee. Alikaa barazani miezi mingi, mkali kama pilipili, na asubuhi moja akatangaza kwamba atakwenda mtoni mara moja tu. Akishindwa kumtoa samaki peke yake, ufito wake ataugawa. Mama alinitazama. Tulijua wote wawili kwamba mzee akiugawa ule ufito, hatatoka tena barazani.

Basi nikabana mafuta ya gari wiki nzima, maana vituo vilikuwa vikavu, nikawa naenda kazini kwa miguu na kuupanda mlima wa Kinanira jioni nikinung'unika. Jumamosi nikampeleka. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto ulishuka mwekundu, na pale maji yake yanapokutana na ya ziwa ndagala, dagaa wa kwetu, walikuwa wakirukaruka. Ndagala wakiruka hivyo, chini yao kuna sangala, samaki mkubwa, anawafukuza.

Baba alirusha kwa mkono wa kushoto. Ndoano ikanasa matete. Akarusha tena, ikanasa kofia yangu.

"Na we unasimama wapi?" akasema.

Niliichomoa ndoano kofiani, nikasogea. Ukimjibu baba yangu akiwa anavua, umejitakia mwenyewe.

Tulikaa sana bila kitu, mpaka nikaanza kufikiria chakula, ndipo ufito ukapinda. Baba alibana kitako cha ufito tumboni, akavuta kwa kushoto, na samaki naye akamvuta. Mchanga wa pale si wa kuamini, unayeyuka chini ya miguu. Maji yakamfika magotini. Wavuvi wawili waliokuwa karibu nasi wakakunja mikono, na baba hakuomba msaada. Niliona mguu wake wa kulia unaanza kulegea, nikaogopa sana, na wala si kwa ajili ya samaki. Nikaingia majini na viatu vyangu, nikamshika mkanda wa suruali kwa nyuma, mikono miwili, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote. Ufito sikuugusa. Tulirudi hivyo kama watu wanaotoa kabati kwenye mlango mwembamba, yeye akinigombeza na sangala akija.

Samaki alipolala mchangani, ubishi ukaanza.

"Huyu mama ameshika," mvuvi mmoja alisema, akininyooshea kidole mimi.

"Ameshika mukaba ya muzee," mwenzake akajibu. "Ufito akugusa hata kidogo. Samaki ni ya muzee."

Walibishana mpaka wakamwita wa tatu, naye akaamua: samaki ni wa mzee. Nilifurahi mno, nikaimba njia nzima. Baba alitazama dirishani tu.

Nyumbani kwetu kichwa cha samaki hupewa aliyemvua. Mama alikiweka mbele ya baba, na baba akaisukuma sahani kwangu.

"Kula. Ni yako."

"Apana, Papa. Wamesema ni ya kwako."

"Bale banabisha juu ya ufito. Mi najua nani alinitoa mu maji."

Niliutazama ufito ukiwa umeegemezwa nyuma ya mlango, nikauona tayari uko mikononi mwa mtu mwingine. Nilikula kwa sababu kwetu sahani hairudishwi, lakini sikusikia ladha yoyote. Mama aliondoa vyombo bila kuinua macho.

Baba alinawa, akaukausha mkono wa kulia polepole, kidole kwa kidole, kwa ule wa kushoto.

"Jumamosi ingine," akasema, "unitafutie mukaba ya ngozi. Hii ya leo ilikuwa inataka kukatika."