Simu ya Mheshimiwa Wandera

Kabla hajawa mheshimiwa, Wandera alikuwa sauti tu. Watu wa Kisumu hawakumjua kwa uso. Walimjua kwa kipindi chake cha asubuhi, "Shika Simu, Mheshimiwa", katika redio ndogo ambayo mawimbi yake yalichoka kabla ya kufika Kericho. Msikilizaji akilalamika, Wandera alimpigia mwakilishi wadi papo hapo, hewani. Asiposhika, aliiacha simu ilie weee, kisha akacheza sauti ya jogoo anayewika. Walicheka sokoni, wakacheka na wapakiaji miwa huko Muhoroni.

Sasa, mtu akiwacheka waheshimiwa miaka mingi, huanza kuamini kwamba kiti chao ni chepesi. Wandera akagombea wadi ya Kaloleni kwa ahadi moja: "Mimi nitashika simu." Akashinda. Tumbo likatangulia, koti likafuata. Kipindi akamwachia Lorine, msaidizi wake, yule aliyekuwa akimchezea jogoo.

Kaloleni palikuwa na mtaro ulioziba. Mvua ikinyesha, sukuma wiki za Mama Nasipwondi, muuza mboga, zilielea kama bata. Mheshimiwa alimwahidi kwamba Ijumaa angekuja kujionea. Lakini uchaguzi mwingine ulikuwa umebaki mwezi mmoja, na Ijumaa hiyo hiyo Mzee Opiyo, fundi viatu wa Kaloleni, alikuwa azikwe kwao Katito. Wapiga kura walijaza mabasi kumsindikiza. Wandera akapima: kwenye mtaro kuna wanawake wachache wenye hasira, kwenye mazishi kuna wadi nzima, tena imekaa kwenye viti. Akamtumia Mama Nasipwondi ujumbe: "Niko Nairobi, natafuta pesa za mtaro." Kisha akashika njia ya Katito.

Alikuwa bado anasubiri zamu ya kuhutubia simu ilipolia mfukoni. Lorine! Kipindi kilikuwa hewani. Asiposhika, jogoo atawika, na mwezi mmoja kabla ya kura jogoo huyo angemmaliza. Akanyata hadi nyuma ya hema.

Asichojua ni kwamba fundi wa muziki, akimngojea mchungaji aanze ibada, alikuwa amefungulia kipindi hicho hicho kwenye spika za mazishi.

"Mheshimiwa, uko hewani," Lorine akasema. "Mama Nasipwondi anasema amesimama ndani ya maji anakungoja. Uko wapi?"

"Dada yangu, niko Nairobi, kwa ofisi kubwa kubwa."

"Kubwa kubwa," spika zikarudia juu ya kichwa chake, kisha zikapiga mluzi wa kupasua masikio. Kabla akili haijamfikia, mdomo wa Wandera ukafanya kazi yake ya zamani:

"Msikilizaji, tafadhali punguza redio yako!"

Hema zima likageuka.

"Mheshimiwa," Lorine akauliza polepole, "redio yetu siku hizi inafika Nairobi?"

"Hiyo... hiyo ni shida ya mtandao."

Wakati huo kundi la shangazi za marehemu likaingia boma likilia kwa sauti ya juu.

"Na hao wanaolia ni mawaziri?"

Mama Opiyo, mjane, akainuka kwenye kiti chake, akaja akamnyang'anya simu. "Lorine nyathina, mwanangu, huyu yuko Katito, hapa kwangu. Mimi mwenyewe nimempa kiti." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. "Mzee wangu amekufa, lakini angalau tunajua yuko wapi!"

Jogoo akawika kutoka spika zote. Mchungaji alijifanya anatafuta miwani.

Wandera alishindwa vibaya. Waliomshinda ni pamoja na mtu mmoja aliyekuwa amejiondoa lakini jina lake likabaki kwenye karatasi za kura. Alirudi kuishi Kaloleni, na mtaro ukabaki vilevile, umeziba. Asubuhi moja ya mvua, maji yakiwa yameingia sebuleni, akapiga simu redioni kumlalamikia mwakilishi mpya, ambaye hashiki simu kabisa. Akaanza kwa sauti yake ile nzito ya zamani.

"Ngoja kwanza, msikilizaji," Lorine akamkatiza. "Leo uko wapi?"

Wandera akatazama kiatu chake kikielea kuelekea mlangoni.

"Niko Kaloleni, dada. Muulize Mama Nasipwondi."

"Yuko!" Mama Nasipwondi akapaza sauti kutoka dirishani. "Leo kweli yuko. Nimemletea ndoo."