Tarumbeta Juu ya Meko

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma na sanduku la bati, nami nikaolewa na vyote viwili. Ndani mlikuwa na koti zito la jeshi, medali, bakuli la chakula na tarumbeta ya shaba aliyokuwa akiwaamshia wenzake. Ufunguo alinikabidhi mimi. Maneno yake yalikuwa machache, na kucheka ndiyo hakuna kabisa: tangu harusi nilikuwa sijayaona meno yake yote. Nilitamani kuyaona kuliko kanga mpya.

Lakini mchwa wa Handeni hawana adabu. Walipenya kwenye kutu ya sanduku wakatafuna upindo wa koti. Nilihangaika, kisha nikajiuliza, mbegu zetu tunazihifadhi wapi? Si darini, juu ya meko, moshi uzifukize? Basi nikapandisha jeshi zima huko. Koti nililiviringisha mkekani, tarumbeta nikaitundika kwenye boriti, mdomo mpana juu. Hakuna mdudu aliyesogea. Kila kitu kilinuka moshi, nami nikatamba mpaka kisimani.

Ikaja habari kwamba Bwana DC atawakagua askari wa zamani kule Korogwe, na mpiga tarumbeta atakuwa mume wangu. Alisugua shaba kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa, akawa anatembea uani kwa mwendo wa gwaride, kuku wakimpisha. Kuipuliza nyumbani alikataa. Watu wangetoka mbio na madebe wakidhani nzige wameingia.

Tulipanda lori la mwenye duka, mimi na mama mkwe juu ya magunia. Uwanjani alisimama mbele ya wote, koti likinuka jiko langu, akainua tarumbeta. Mashavu yakavimba. Kimya. Akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote, na pale mdomoni likafumka wingu la majivu, na kunde zikaruka moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Bwana DC. Kuku wa sokoni hawakungoja kualikwa.

Mama mkwe alinishika mkono.

"Nilidhani nimezitoa zote," akasema.

Nikaelewa. Kwake yeye hakuna chombo chenye tumbo kinachokaa kitupu juu ya meko. Aliikuta tarumbeta inaning'inia bure, akaimiminia kunde za mbegu zilizochanganywa na majivu, na nyingine zikakwama shingoni.

Nilimtazama mume wangu. Mabega yalikuwa yanatetemeka, nikajua analia, na kwamba mimi leo narudishwa kwetu. Kisha akainua uso. Alikuwa anacheka! Meno yote, mpaka magego, machozi yakichora mistari kwenye majivu ya mashavuni. Mstari mzima wa askari ukapasuka kwa kicheko. Nami nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Mama mkwe alikuwa keshaingia kwenye gwaride, anafukuza kuku na kuokota mbegu zake kwenye kanga. Bwana DC aliinua mguu ili mama achukue mbegu iliyokuwa chini ya soli. Ndipo mume wangu akapuliza tena, na sauti ikatoka safi, ikavuka mashamba ya mkonge.

Tuliporudi nilishika tarumbeta, sijui niiweke wapi. Akaichukua, akaitikisa sikioni, akanirudishia.

"Mpe mama," akasema. "Mwambie safari hii aweke choroko."