Vidole Vinne Begani

Kila mwaka Hilary Sugden hurudufu kurasa zile zile mbili, nakala thelathini na moja, na kila mwaka huufunga mfuniko wa mashine kwa nguvu kupita inavyohitajika. Mashine ni mali ya chuo, nayo haijamkosea. Aliyemkosea ni Adrian Lofthouse, mwalimu wa somo la vyombo vya habari, na kosa lenyewe ni sentensi moja ambayo Hilary ameisikia kupitia ukuta wa chumba cha mashine kwa miaka sita.

"Tazameni huu weupe upande wa kushoto. Huu ni upweke wa mwimbaji."

Upweke! Hilary husaga meno, akahesabu nakala zake, akaandika idadi katika daftari.

Kurasa zenyewe zilitoka katika jarida la muziki la Oktoba 1981, zinazotazamana, zinahusu bendi ya vijana wa hapa hapa Huddersfield iliyoitwa Jukwaa Baridi. Kushoto amesimama mwimbaji mbele ya ukuta wa kiwanda cha sufu, mikono yote mifukoni. Kando yake kuna nafasi nyeupe yenye upana wa kiganja, kutoka juu hadi chini. Kulia yuko mpiga gitaa na gitaa lake. Kichwa cha habari kinavuka kutoka ukurasa mmoja hadi wa pili, na hakuna hata herufi moja iliyomezwa na mkunjo wa katikati. Anayejua kazi akiona hivyo hutikisa kichwa kwa heshima, maana wanagenzi wengi wamepoteza pua za watu katika mkunjo ule.

Msanifu wa kurasa hizo hakuandikwa jina popote. Alikuwa Hilary mwenyewe, mwenye miaka ishirini na minne, London, kisu cha kukatia picha mkononi na nta ya moto ya kubandikia mezani. Kompyuta zilipowafukuza watu wa visu alirudi kwao, akapata kazi ya kutunza vifaa chuoni. Adrian hakujua, na Hilary hakumwambia. Kulikuwa na sababu, nayo ilikaa nyumbani ndani ya kopo la biskuti.

Ijumaa moja ya Mei, mwaka 2009, Rukhsar Mahmood aliingia chumba cha mashine na karatasi zimekunjamana mkononi. Alikuwa na miaka kumi na saba, na macho yalikuwa mekundu.

"Bi Sugden, nirudufie hii kabla sijaichana."

"Ukitaka kuichana, nakala ya nini?"

"Ya baba. Aone pesa ya kalamu ilikwenda wapi."

Hilary akazichukua. Ulikuwa uchambuzi wa kurasa zile zile. Juu, kwa wino mwekundu: tisa kati ya ishirini. Alikuwa na tabia ya kutosoma kazi za watu, lakini jicho lilikwama katikati ya ukurasa wa pili, akasoma akiwa amesimama.

Rukhsar aliandika hivi: "Juu ya bega la mwimbaji kuna vidole vinne. Si vyake, kwa sababu mikono yake yote imo mifukoni. Si vya mpiga gitaa, kwa sababu mikono yake yote iko kwenye gitaa. Kwa hiyo palikuwa na mtu wa tatu, na weupe huu si upweke. Ni mahali pa mtu aliyeondolewa. Ukingo wa bega umekatwa taratibu sana, kama aliyekata hakutaka."

Pembeni mwalimu aliandika: "Unabuni. Kaa kwenye ushahidi."

Hilary akaziweka karatasi mezani.

"Ushahidi ni vidole," akasema. "Anataka nini, na kucha?"

"Nilimwonyesha. Akasema ni doa la mashine yako."

"Doa la nini?"

"La mashine. Akasema nakala zako ni chafu."

Kwa miaka kumi na miwili Hilary alikuwa akiifuta kioo mashine ile kila asubuhi, na tarehe zote zimo daftarini. Akavaa koti.

"Alama zinakwenda baraza la mitihani saa ngapi?"

"Saa kumi. Bi Sugden, unakwenda wapi?"

"Kwangu. Wewe kaa hapa, na usichane chochote."

Alirudi saa nane na robo, anahema, kopo la biskuti kwapani. Akampitia Rukhsar, wakaenda pamoja hadi ofisi ya walimu. Adrian alikuwa anakula mkate wa jibini, mbele yake orodha ya alama.

"Hilary, dada yangu! Wino umekwisha tena?"

"Toa lile jarida lako."

Adrian alikuwa na nakala halisi, aliyoinunua ujanani, ndani ya mfuko wa plastiki. Akaitoa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika unywele wa mtume. Hilary akaifungua, akaweka ncha ya ukucha kwenye bega la mwimbaji.

"Hii hapa haikupita kwenye mashine yangu. Doa liko wapi?"

Adrian akavaa miwani. Akaivua. "Sawa, kuna kitu. Kivuli, labda."

"Kivuli chenye kucha?"

Kisha akafungua kopo. Ndani ya karatasi ya nta kulikuwa na kipande cha picha, kirefu, chembamba kama kiganja: msichana mweusi mwenye koti la mvua, anacheka, mkono wa kulia umeinuliwa na umeishia mwanzo wa vidole. Hilary akakilaza juu ya weupe. Kikaingia kama mlango kwenye fremu yake. Kiganja na vidole vikakutana begani, na mwimbaji, aliyekuwa mpweke kwa miaka sita ya masomo, akawa mtu anayeegemewa na rafiki yake.

Rukhsar akaziba mdomo.

"Anaitwa Verna Gayle," Hilary akasema. "Alipiga besi, na ndiye aliyetunga nyimbo zote. Saa moja kabla kurasa hazijaenda kuchapwa mhariri akaja na koti lake tayari mwilini. Akasema, 'Huyo msichana mweusi mtoe, watu watadhani ni bendi ya rege. Mkuze mwimbaji aenee.' Nikamtoa. Lakini kumkuza yule mwingine juu yake sikukubali. Nilidanganya kwamba dawa ya kamera ya kukuzia picha imekwisha. Kisu changu kikazunguka vidole vile, nikaviacha. Jumatatu mhariri yule yule akabandika kurasa ukutani, akausifu weupe. Akauita ubunifu."

"Hii ni ajabu," Adrian akasema, na uso wake ukang'aa. "Hilary, mbona hukusema?"

"Msahihishie mtoto."

"Kwa haki kabisa, mwongozo wa usahihishaji haudai alichokusudia msanifu. Unadai mwanafunzi asome kilichomo ukurasani."

"Na yeye amesoma nini? Amehesabu mikono! Wewe umefundisha ukurasa huu miaka sita na hujahesabu mikono."

Pale dirishani mwalimu wa hesabu alikohoa ndani ya chai yake. Adrian akawa mwekundu.

"Naweza kumwongezea mbili."

"Sikuomba sadaka. Soma upya, hapa, nikikuona."

Akasoma. Alichukua dakika kumi, na mkate ukakauka. Alipomaliza akafuta tisa akaandika kumi na nane, akaibadilisha na kwenye orodha.

"Samahani, Rukhsar," akasema, na alionekana kumaanisha. Kisha akageukia kipande cha picha. "Hiki niachie. Mwakani litakuwa somo la kukata na shoka."

"Verna alikuwa somo lako la upweke. Sasa unataka awe somo la nini?" Hilary akakifunga ndani ya karatasi yake na kutoka.

Rukhsar akamfuata ukumbini. Hilary alitarajia shukrani, na tayari alikuwa ametafuta jibu la kuzikwepa.

"Bi Sugden, yeye mwenyewe picha hii ameiona?"

"Nani?"

"Verna."

Hilary akamkasirikia mtoto yule kuliko alivyomkasirikia mwalimu. "Rudi darasani," akasema. Rukhsar akarudi, lakini swali lilibaki.

Verna alijulikana alipo. Alikuwa na saluni Leeds, na jina lake lilikuwa juu ya mlango kwa herufi ambazo Hilary, akipita kwenye basi, aliona zimebanana mno. Amepita mara nyingi. Jumamosi hiyo alishuka.

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya mafuta ya nywele. Verna, mvi kichwani, alikuwa anamsuka mama mmoja mnene. Hilary akajitaja, akanyoosha kile kipande. Verna akakishika karibu na taa.

"Nani alinikata?"

"Mhariri aliamuru. Mkono ulikuwa wangu."

"Wako." Verna akamtazama kuanzia viatu. "Mimi nilidhani ni wale wavulana walioomba nitolewe. Nilimtukana Keith, mwimbaji wetu, mbele ya mama yake. Niliacha bendi wiki ile ile, na nyimbo nikawaachia. Miaka ishirini na minane, mwanamke wewe, na ulikuwa nacho kwenye kopo?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako ilinigharimu nyimbo zangu. Toka. Picha iache."

Hilary akafika mlangoni. Nyuma yake sauti ikamfuata.

"Vidole uliviacha kwa nini?"

"Ili mtu aone."

"Nani ameona?"

"Msichana mmoja. Juzi juzi."

"Mmoja," Verna akasema. Akakisimamisha kipande chini ya kioo, akarudi kwenye nywele, akavuta msuko kwa ghadhabu yake yote.

"Ayii, Verna!" yule mama akapiga kelele. "Hiki ni kichwa changu, mwenye kosa ni yule mlangoni!"