Alichosali Fuko alipofukiwa kisimani

Saa mbili asubuhi, jua bado halijaingia ndani ya shimo. Juu ameketi mwanamume mnene, visigino vimekanyaga gogo, kamba imezunguka kiuno chake. Kutoka chini inapanda sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani yake aliyenunua jogoo asiyewika.

"Kumbe jogoo mwenyewe kiziwi, shemeji! Wenzake wakiwika, yeye hana habari!"

Mshika kamba anacheka mpaka kamba inatikisika. Sauti ikikatika kidogo, anainamisha kichwa shimoni.

"Wewe! Umelala?"

"Nakohoa. Hata kukohoa niombe ruhusa?"

Hiyo ndiyo kanuni ya wachimba visima hawa wawili: aliye chini hanyamazi. Hewa ya shimoni ikiwa mbaya humlaza mtu taratibu kama mtoto mchanga. Kwa hiyo anayechimba huongea, huimba, huitukana sururu yake, ilimradi aliye juu ajue kwamba mwenzake yu hai.

Anayechimba ana umri wa miaka hamsini na sita, na mtaa mzima humwita Fuko. Mshika kamba ni kaka wa mkewe. Wamefanya kazi hii pamoja tangu wakiwa vijana ambao hawajaoa.

"Zamani ukipita mitaani ulisikia visima vinaimba," anasema Fuko wakati wa mapumziko, huku akitoa udongo masikioni kwa ncha ya kitambaa. "Kila mchimbaji na wimbo wake. Siku hizi mashine inafika asubuhi, jioni maji yametoka, watu wamekwenda zao. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini haina hadithi."

Wanalipwa kwa kila futi wanayochimba. Mwezi mzuri huwaletea visima viwili, na ipo miezi ambayo hakuna anayewaita.

Hata mke, Fuko alimpata kisimani. Alikuwa akichimba nyumbani kwa wazazi wa mshika kamba huyu, na binti wa nyumba ndiye aliyemwaga udongo uliopanda kwa ndoo.

"Nilimjua sauti kabla ya sura," anasema mkewe, ambaye ni fundi cherehani. "Sauti ilikuwa tamu sana. Sura nikaivumilia."

Lakini kwa miaka yote ya ndoa yao, jambo moja lilimkosesha mama huyu raha: mumewe hakuwa mtu wa sala. Siku ya ibada alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni, kisha akaenda kunywa chai. Mkewe alimwombea bila kuchoka.

Ndipo mwaka jana shimo likaporomoka.

Fuko alikuwa amefika kwenye tabaka la mchanga. Ukuta mmoja uliteleza, akajikuta amefunikwa mpaka mbavuni, mkono mmoja tu ukiwa huru. Shemeji yake alivuta kamba, haikusogea. Mafundi seremala wa karakana ya jirani walikuja mbio na mbao za kuzuia kuta, kwa sababu kama mtu yeyote angeshuka kabla ya hapo, mchanga ungewameza wote wawili.

"Nikamwambia, shemeji, kazi yako ni moja, ongea," anakumbuka mshika kamba. "Ukinyamaza, hawa watu watakata tamaa."

Fuko aliongea. Alisimulia habari zote za mtaa alizozijua. Aliimba nyimbo zake za ujana. Pumzi ilizidi kuwa fupi, na maneno yakamwishia.

"Kichwa kilikuwa kitupu kama ndoo," anasema. "Nikatafuta kitu kirefu ninachokijua kwa moyo, kitu kisichohitaji kufikiri. Nikakuta kimoja tu. Sala ya bibi."

Bibi aliyemlea alikuwa na sala yake mwenyewe ya jioni. Wajukuu walipangwa kwenye mkeka mmoja, taa ikinuka mafuta, na kila mmoja alifuata maneno yake. *Mlinde babu na kifua chake. Mlinde shangazi aliyeolewa mbali, asisahau njia ya kwetu. Mlinde mjomba na hasira zake. Mlinde mbuzi mwekundu, maziwa yake yasikauke.* Aliyesinzia alichomwa mbavuni kwa kidole.

"Ilikuwa ndefu kwa sababu bibi hakumtoa mtu," Fuko anaeleza, na uso wake unalainika. "Aliyekufa alibaki, aliyezaliwa aliongezwa. Mpaka leo nikiianza nasikia joto la ule mkeka na pumzi za ndugu zangu. Wengi wao hawapo tena."

Aliirudia shimoni, mara baada ya mara, mpaka alipovutwa juu mchana akiwa na mbavu zilizovunjika. Watu waliojazana pale walilia. Walikuwa wamesikia kwa masikio yao: Fuko anasali!

Habari zikaenea kwamba ameokoka. Kiongozi wa ibada alifika hospitalini kumwomba asimame mbele ya waumini atoe ushuhuda. Mkewe alishona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo.

Watu wengi huamini kwamba mtu akikiona kifo humrudia Mungu wake. Ukimuuliza Fuko kama ndivyo ilivyokuwa, anarudia kutoa udongo masikioni.

"Sijui," anasema hatimaye. "Nilikuwa nalinda sauti yangu isikatike. Nikisema nilikuwa nalia kwa Mungu, nitakuwa nadanganya, tena kwa jina lake. Nikisema sikuwa naye, hilo nalo moyo unalikataa."

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe ukweli huo, akijua utamuumiza. Mkewe hakukasirika.

"Nikamjibu, mume wangu, mchanga uko mbavuni, ulitaka Mungu akuletee maneno mapya? Amekupa yale uliyokuwa nayo." Kisha akamwomba amsomee sala yote. Fuko akaisema, kuanzia kifua cha babu mpaka mwisho. Mkewe alisikiliza, sindano imesimama kwenye kitambaa.

"Mbuzi umemkumbuka," akasema. "Mimi je?"

Bibi alifariki kabla Fuko hajaoa, na tangu hapo hakuna aliyeongezwa. Pale chini, akiwa karibu kufa, alimwombea ulinzi mbuzi aliyekwisha liwa miaka arobaini iliyopita, lakini si mkewe wala watoto wake.

"Hilo liliniuma kuliko mbavu," anasema.

"Kaka yangu akanicheka siku nzima," anaongeza mkewe. "Ananiambia, dada, umeshindwa na mbuzi!"

Gauni likakunjwa, likarudi kabatini. Mkewe ndiye aliyemwambia kiongozi wa ibada asubiri. Kwa mumewe alikuwa na ombi moja tu. "Usisimame mbele za watu kwanza. Niombee mimi, hapa ndani, ukiwa umeshiba na huna mchanga kifuani. Hapo nitajua."

Mbavu zilipopona, Fuko alirudi kazini, maana hana kazi nyingine. Na kila jioni, baada ya chakula, hukaa ukingoni mwa kitanda na kujaribu. Anasema kuchimba mwamba ni rahisi zaidi. Majina ya bibi hutiririka yenyewe, lakini akimfikia mkewe ulimi husita, kwa kuwa hapo hakuna aliyemtangulia kusema.

Angependa siku moja amalize sentensi hiyo, kisha ndipo asimame mbele ya watu, kama bado watataka kumsikia.

"Kwa sasa nafika kwenye jina lake," anasema. "Nalitaja, kisha nakwama."

Na mkewe, husemaje?

"Anaitikia amina," anasema Fuko. "Halafu ananiambia nisogee, nimekalia shuka lake."